Paundi Kumi na Sita

Jumamosi iliyopita tulimzika Baba Kabula kijijini kwao, upande wa Shinyanga. Baada ya kuweka mashada, msemaji wa familia aliuliza kama yupo mtu aliyewahi kufanya kazi na marehemu ambaye angependa kusema neno. Kabula mwenyewe, ambaye siku hizi ana wajukuu na mvi kama mimi, alinigeukia na kunitazama. Nikasimama. Nilisema marehemu alikuwa dereva mwangalifu, nikakaa. Watu wakaitikia kwa adabu, kama wanavyoitikia lolote linalosemwa msibani, na padri akaendelea na sala. Tangu nirudi nyumbani sijafanya kazi yoyote ya maana. Kila nikiosha vyombo au kukunja nguo nasikia nilivyolitamka lile neno moja, mwangalifu, mbele ya watoto wake, kana kwamba namsifu mtu kwa kufunga geti. Kwa hiyo nimeketi kuandika habari za mwaka ule, mwaka wa pili baada ya vita vya Kagera, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu na kuamini kwamba nimezikwa hai.

Nilipangiwa kazi ya unesi katika kituo kidogo cha afya kilichokuwa ng'ambo ya mbuga, mbele ya Kharumwa. Nilifika mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeshika, na hapo ndipo nilipoelewa mbuga ni nini. Ule udongo mweusi ukinyeshewa hunata kama ugali mbichi. Ng'ombe alikwama humo, na mtu alivua viatu akavibeba kichwani. Njia ya kutoka ilikuwa hiyo hiyo moja, na gari lilikuwa hilo hilo moja, Landrova ya turubai iliyokuwa mali ya kituo. Niliambiwa nitakaa miezi sita, kisha nihamishiwe Shinyanga mjini. Miezi miwili haijaisha nikaandika fomu ya kuomba uhamisho na kuipeleka kwa mganga wetu mkuu, Bwana Mlekwa. Akaiweka kwenye mtoto wa meza. Kila nilipoingia ofisini kwake kuomba bandeji au sindano, macho yangu yalikwenda kwenye mtoto wa meza ule, naye aliyaona yalikokwenda.

Nililala chumba kimoja na Leokadia, mhudumu wa wodi, binti wa hapo hapo aliyenizidi miaka miwili. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, dirisha moja dogo, na ukuta mwembamba uliotutenganisha na nyumba ya Bwana Mlekwa kwenye ujia mmoja wa nyumba za watumishi, kiasi kwamba tulijua siku mkewe, Mama Devota, alipopunja chumvi kwenye mboga na siku watoto wao sita walipokataa kuoga. Ulikuwa mwaka wa kukosa kila kitu. Sabuni tuliikata kwa uzi. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama bila sukari, mchana tulikula ugali kwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na jioni Leokadia alichemsha michembe, vile viazi vikavu, tukatafuna tukiwa tumekaa kitandani. Yeye aliongea, mimi nilisikiliza. Alikuwa akinicheka kwa kuhesabu siku. Alisema mtu anayehesabu siku huzirefusha, na kwamba yeye amezaliwa ndani ya mbuga hii na hajawahi kusikia imemmeza mtu. Nilimjibu kwamba yeye hana mahali pengine anapopataka. Ilikuwa kauli ya kijinga na ya kuumiza, lakini alicheka tu, akanimegea kiazi.

Kwa kukosa la kufanya, nilianza kumtazama dereva. Baba Kabula alikuwa mtu mrefu, mkimya, Msukuma wa kale aliyezungumza Kiswahili taratibu kana kwamba anavuka mto kwa kukanyaga mawe. Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, alizunguka gari na kipimo cha upepo mkononi. Alichuchumaa kwenye kila tairi, akafungua kifuniko cha valvu na kukitia mfukoni, akabandika kipimo, akasoma, akafunga. Kisha tairi la akiba. Nililiona hilo kama zoezi la mzee asiye na kazi, hadi siku moja nilipomwamkia, akaitikia marahaba, nami nikamuuliza kwa nini anapima leo tena ilhali jana gari halikutoka.

Alinieleza kwa upole. Tairi hupoteza upepo hata likiwa limesimama, alisema, na jicho halioni. Likipungua paundi kumi bado litaonekana zima. Alinionyesha yale matairi yetu manne. Alisema nchi nzima hakuna matairi, ili upate moja unahitaji kibali cha mkoa, na kibali kinachukua mwaka. La akiba limekwisha kuchakaa; moja likipasuka leo, gari litapandishwa juu ya mawe, na sisi sote tutakaa hapa pamoja nalo. Hapo nilichuchumaa. Tangu asubuhi hiyo nikawa mwanafunzi wake, na sikuwa na nia njema yoyote. Yale matairi yalikuwa mlango wangu wa kutokea, nikataka kujua anavyoulinda.

Nilijifunza kwamba upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi, maana gari likitembea tairi hupata moto na kipimo hupanda, na mjinga akiona hivyo hupunguza upepo, kesho yake anaamka na tairi laini. Nilijifunza kwamba tairi lililojazwa kupita kiasi huliwa katikati, na lenye upepo mdogo huliwa pembeni. Alinishika mkono akanipapasisha kingo zote mbili ili vidole vyangu vijue tofauti. Matairi ya mbele yalitaka paundi ishirini na tano, ya nyuma thelathini, na gari likiwa na mzigo ya nyuma yaongezwe hadi thelathini na sita. Kwenye mchanga au tope unapunguza hadi kumi na sita, tairi linapanuka kama unyayo wa ngamia na kupita juu bila kuzama. Lakini ukishatoka kwenye mchanga unasimama na kujaza tena, hapo hapo, kwa pampu ya mguu, hata kama jua linapasua kichwa.

Jambo lililonishangaza ni hili la mwisho. Mimi, kama watu wengi, nilidhani tairi hupasuka kwa kujaa sana. Baba Kabula akatikisa kichwa. Tairi laini, alisema, hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, na kule kujikunja huleta moto ndani yake, moto usiouona, hadi nyuzi zake zinaachiana. Ukiwa na mzigo na ukikimbia, ni suala la maili chache tu.

"Lililojaa linakurusha-rusha, unalalamika, unapunguza mwendo," aliniambia. "Hili laini linakubembeleza, mwanawane. Ndilo linaloua."

Mwezi wa kumi ulipokaribia kwisha, chanjo na mafuta ya taa ya friji vilituishia, ikabidi gari liende Geita. Tulikwenda wanne. Baba Kabula aliendesha, Bwana Mlekwa akakaa mbele, na mimi na Leokadia tukakaa nyuma chini ya turubai. Tulipomaliza shughuli za Geita, Bwana Mlekwa aliamuru twende Nkome, ziwani. Alitaka dagaa. Magunia manane, ya kula na ya kuuza, na sitamsema kwa ubaya kwa hilo, maana mshahara wa mwaka ule haukuwa na kitu cha kununua madukani na alikuwa na vinywa sita nyumbani. Karibu na mwalo, pale wavuvi wanaposhusha samaki, njia ilikuwa ya mchanga mtupu. Baba Kabula akasimama akapunguza upepo, na mimi, kwa kujidai mbele ya Leokadia, nikashika kipimo na kusoma mwenyewe. Paundi kumi na sita, kila tairi la nyuma. Leokadia akanipigia makofi.

Tulipakia magunia, tukatoka mchangani salama, tukafika kwenye barabara ya kokoto. Baba Kabula akasimamisha gari na kutoa pampu. Ilikuwa kama saa saba mchana. Kujaza tairi moja la nyuma kutoka kumi na sita hadi thelathini na sita ni kukanyaga pampu zaidi ya mara mia mbili, na yalikuwa mawili, na ya mbele nayo yanangoja. Upande wa Geita wingu lilikuwa limesimama, jeusi, na dagaa wakilowa ni hasara. Bwana Mlekwa alimwambia arudi ndani waondoke, watajaza mjini. Baba Kabula akajibu kwamba kwa mzigo ule hawezi. Wakabishana, kwa sauti za chini kama watu wazima wanaoheshimiana, hadi Bwana Mlekwa akashuka, akazunguka, akakaa kwenye usukani mwenyewe. Akamwambia Baba Kabula achague kupanda au kubaki na pampu yake. Baba Kabula aliirudisha pampu chini ya kiti. Kisha akapanda. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini alipanda, na nadhani ni kwa ajili yetu tuliokuwa nyuma.

Gari lilikwenda vizuri ajabu. Halikurusha wala kugonga, lilielea. Leokadia alijilaza juu ya magunia karibu na mlango wa nyuma, akasema leo tunasafiri kama mabibi. Mimi nilijua, na sikusema kitu. Nilikuwa nimeshika chuma cha kiti, nikawaza kwamba mganga mkuu ana fomu yangu. Mlipuko ulipotokea niliudhani radi. Nyuma kulikaa upande, gari likaandika barabara kushoto na kulia, kisha likalala ubavu mtaroni, na dagaa wakamwagika kila mahali waking'aa juani. Leokadia hakuwemo ndani. Nilimkuta hatua thelathini nyuma yetu, barabarani. Nilikuwa nesi, nilijua kwa kumtazama tu, lakini nilipiga magoti na kumpima mapigo ya moyo shingoni, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kisha shingoni tena.

Baba Kabula alikuwa amevunjika mtulinga, mfupa wa begani, na amepoteza fahamu. Bwana Mlekwa alikuwa na mchubuko kwenye paji la uso. Kabla watu hawajatufikia alikuja pale nilipopiga magoti, akachuchumaa. Alisema kwamba yeye hana ruhusa ya kuendesha gari la serikali, kwamba Baba Kabula ndiye dereva mwenye leseni, na kwamba mimi nilikuwa nyuma, nimesinzia.

"Hukuona," aliniambia. "Huo si uongo mkubwa, Veronika. Ulikuwa nyuma."

Baba Kabula alipozinduka siku ya pili, habari ilikuwa imeshaandikwa. Alisema ukweli wake, lakini alikuwa mtu mmoja, dereva, anayejitetea. Askari mpelelezi alipofika kituoni kwetu kuchukua maelezo yangu, niliandika kwa mkono wangu kwamba nilikuwa nimesinzia na sikuona aliyekuwa akiendesha. Aliniuliza kama najua chochote kuhusu hali ya matairi. Nikaandika kwamba sijui. Wiki iliyofuata Bwana Mlekwa alitoa fomu yangu kwenye mtoto wa meza, akaitia sahihi mbele yangu na kuigonga muhuri, bila kunitazama. Baba Kabula aliwekwa rumande Geita, mkono ukiwa bado umefungwa, kwa kosa la kusababisha kifo.

Sasa nilikuwa na chumba peke yangu. Kitanda cha Leokadia kilibaki kimetandikwa vile alivyokiacha, maana sikuthubutu kukigusa. Nilikula nikiwa nimekipa mgongo. Jumapili moja mchana nilimsikia Bwana Mlekwa upande wa pili wa ukuta. Alikuwa akilia, kilio cha mwanaume anayejiziba mdomo, na Mama Devota alikuwa akimwambia polepole kwamba akifungwa yeye, mkewe atawapeleka kwa nani hawa watoto sita. Akasema yule mzee watoto wake wameshakua. Halafu sauti yake ikabadilika, akamuuliza mumewe, na hili nalikumbuka neno kwa neno, kama angeweza kumzika mtu mwingine ili yeye aishi. Kilio kikaendelea. Nikajua kwamba hata yeye Mama Devota hakuwa na mahali pa kutokea. Sote kwenye ule ujia mmoja tulikuwa tumefungiwa na jambo moja, na aliyekuwa nyuma ya nondo kweli alikuwa yule pekee asiyekuwa na hatia.

Barua ya uhamisho ilifika mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Nilitakiwa kuripoti Shinyanga mwaka mpya ukianza. Niliisoma mara nne na nilipoikunja nikaona sisikii furaha, nikajiambia itakuja nikifika. Siku mbili baadaye mama yake Leokadia alikuja kuchukua vitu vya mwanawe. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, ametembea tangu alfajiri. Tulikunja pamoja kanga mbili, gauni moja la kanisani na sare za kazi. Alipomaliza kufunga furushi, aliketi kwenye kitanda kile ambacho mimi sikuweza kukigusa, akaniuliza kwa Kisukuma, kwa kuwa Kiswahili hakikumtosha kwa swali lile, kama ni kweli dereva alikuwa amelewa. Watu wanasema alikuwa amelewa.

Baba Kabula hakuwahi kuonja pombe. Kila mtu kituoni alijua. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba sijui. Yule mama aliitikia kwa kichwa, akasema Mungu ampe mzee yule kifo cha polepole, akajitwisha furushi na kuondoka.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilikwenda kwa miguu hadi Kharumwa, viatu kichwani, na hapo nikapata lori la pamba lililokuwa likielekea Geita. Najua watu wakisimulia mambo kama haya husema walijisikia wepesi. Mimi nilijisikia mgonjwa njia nzima. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kitandani usiku kucha na nilijua itakavyokuwa. Bwana Mlekwa akikamatwa, kituo kitabaki bila mganga, na hakuna ofisi itakayomwondoa nesi aliyebaki. Nilikuwa nakwenda kujifungia mlango mwenyewe, kwa ufunguo wangu.

Askari mpelelezi alikuwa yule yule. Aliniambia nikae, akasoma karatasi yangu ya kwanza, akaniuliza kwa nini leo nimeamka usingizini. Nilimwambia sikuwahi kulala. Nilieleza yote, tangu pampu hadi usukani. Alipouliza tena kuhusu matairi, nilimwambia kwamba ya nyuma yalikuwa na paundi kumi na sita kila moja, kwamba mzigo ule ulihitaji thelathini na sita, na kwamba najua kwa sababu nilishika kipimo mimi mwenyewe na Baba Kabula alikataa kuondoka bila kujaza. Aliacha kuandika, akanitazama. Alisema mzee amekuwa akiwaambia namba hizo hizo tangu siku ya kwanza, na wao walidhani anatafuta visingizio. Kisha akanionya kwamba kwa maelezo ya kwanza ningeweza kushtakiwa. Nilimwambia ndiyo. Hawakunishtaki. Sijui kwa nini, na sikuuliza.

Walimwachia Baba Kabula baada ya siku tisa. Nilikwenda kumwona nyumbani kwake Jumapili iliyofuata, nikiwa nimejiandalia maneno. Nilimkuta ameketi nje kwenye kigoda, mtulinga umeunga vibaya, bega moja limeshuka. Nilimwamkia, akaitikia. Nikaanza kusema, nikafika kwenye kwamba niliandika sikuona, na hapo maneno yakaniishia. Kuku walipita kati yetu. Mwishowe akamwita mkewe alete maji ya kunawa, na tukala wote watatu, ugali wa muhogo na maziwa ya mgando. Hakusema amenisamehe, siku hiyo wala nyingine. Nilipoinuka kuondoka alisema kwamba leseni amerudishiwa lakini gari la watu hataendesha tena, na hakuendesha hadi alipokufa. Alifungua kazi ya kuziba pancha Geita, na wakati wachimba dhahabu walipofurika na magari yao mabovu alijenga nyumba ya bati kwa kazi hiyo.

Bwana Mlekwa alikamatwa kabla ya Krismasi, na baadaye alifungwa. Barua nyingine ilikuja kutoka ofisi ya wilaya ikisema uhamisho wangu umesitishwa hadi apatikane mtumishi mwingine. Haikusema lini. Landrova ilipandishwa juu ya mawe, na kina mama waliokuja kujifungua walinikuta mimi peke yangu, na wengine waliniuliza waziwazi kwa nini nimewafungia mganga wao. Niliwazalisha huku wakiniuliza. Nilikaa kule miaka minne zaidi.

Mama Devota aliondoka mwezi wa pili, kwenda kwao Tabora. Lori lilisimama mbele ya ujia wetu asubuhi, na nilitoka kumsaidia kupakia. Tulibeba pamoja godoro, masufuria, na mashine ya cherehani. Watoto walipanda mmoja mmoja, na Devota, yule mkubwa wa miaka kumi na moja, aliniamkia kabla ya kupanda, shikamoo dada, kama alivyofundishwa. Nikaitikia. Mama yao alipanda mwisho, akaketi juu ya godoro na kitindamimba mapajani. Nilikwenda nikasimama kando ya lori, nikamwambia nasikitika.

Alinitazama bila hasira.

"Ulifanya haki," alisema. "Lakini mimi usiniombe nikuage."

Akamfunika mtoto kwa kanga, maana vumbi lilikuwa limeanza kutimka, na lori likaondoka.